Programu ya Kuandikia: Walivyochagua Wenye Kompyuta za Kwanza

Wenzetu wanaosoma kompyuta hubishana sana juu ya programu ya kuandikia iliyo bora kwa mtunga programu, na kila mmoja hutetea yake kama timu ya mpira. Nimeona heri tutazame jinsi watu wa Marekani na Ulaya walivyochagua katika miaka ya 1980, kompyuta za mtu binafsi zilipokuwa changa. Mashini zile zilikuwa ndogo mno, hata chaguo baya lilijulikana siku ile ile.

Mtunga programu huandika maagizo yake kwa herufi za kawaida, kisha programu nyingine huyageuza kuwa lugha ya mashini. Hiyo ya pili tuiite mfasiri. Mfasiri ni karani mkali: akikuta alama asiyoijua, hukataa kazi yote.

Basi, tazameni WordStar, iliyotoka mwaka 1978 na kupendwa sana na waandishi wa barua na vitabu. Ilikuwa na njia mbili za kufungua faili. Katika njia ya barua, ilitia alama ya siri kwenye herufi ya mwisho ya kila neno, ili iweze kupanga mistari vizuri. Kwenye kioo maandishi yalionekana safi kabisa, lakini mfasiri aliona takataka tupu. Mtu aliyesahau kuchagua njia ya pili, isiyoongeza kitu, aliweza kukesha akitafuta kosa katika maagizo yasiyo na kosa lolote.

EDLIN haikuchafua chochote. Iliandikwa na Tim Paterson mwaka 1980, na watu waliipata pamoja na MS-DOS bila kuinunua peke yake. Shida yake ni kwamba haikuonyesha ukurasa. Ulishika mstari mmoja mmoja kwa namba yake. L ilionyesha mistari, I iliingiza, D ilifuta. Tena ukifuta mstari wa 3, ule wa 4 ulikuwa wa 3 papo hapo, na namba ulizokwisha kuandika kando hazikuwa na maana tena. Wajanja walifuta kutoka chini kwenda juu. (Watu wa BASIC walikuwa na hila nyingine: walihesabu mistari 10, 20, 30, ili kubaki na nafasi ya kuingiza yaliyosahauliwa.)

Mbona watu walivumilia hayo? Kwa sababu ya nafasi. Diski ya IBM PC ya mwaka 1981 ilichukua kilobaiti 160 tu. Picha nyingi za simu za leo hazingeingia humo. Programu ya kuandikia, mfasiri na kazi yako vilipaswa kugawana hizo. Kwa hiyo mtu aliandika, akahifadhi, akatoka, akabadili diski, akamwita mfasiri, akasoma namba ya mstari wenye kosa, akainakili kwenye karatasi, akarudi mwanzo. Nukta moja iliyosahauliwa ilikula dakika nyingi.

Mwezi wa Novemba 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, kazi ya Anders Hejlsberg wa Denmark, kwa dola 49.95. Ndani yake programu ya kuandikia na mfasiri vilikaa pamoja katika kumbukumbu ya mashini. Vitufe vyake vilifuata vya WordStar, basi mikono haikujifunza upya. Mfasiri akikuta kosa, ulirudishwa mahali penyewe penye kosa. Kwa maoni yangu sehemu yake ya kuandikia haikuwa na ajabu yoyote. Ilishinda kwa ufupi wa njia ya kurudi.

Hilo la mikono si dogo. Bram Moolenaar, Mholanzi, alikuwa amezoea vi, programu ambayo Bill Joy aliiandika huko Berkeley mwaka 1976 kwa ajili ya kompyuta kubwa za Unix. Alipopata Amiga, hakukuta vi ya kumridhisha. Hakubadili mazoea yake. Mwaka 1988 alitwaa programu iliyoiga vi, jina lake Stevie, akaanza kuitengeneza, na mwaka 1991 akawagawia watu kazi yake, nayo ndiyo Vim.

Mwaka 1994 Moolenaar alikuja Kibaale, kusini mwa Uganda katika Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania, akajitolea huko karibu mwaka mzima katika kituo cha watoto. UKIMWI ulikuwa umewaacha wengi wao yatima. Baada ya hapo hakudai bei ya Vim. Aliomba mwenye kuitumia atoe msaada kwa watoto hao. Kwa miaka mingi, hata kufa kwake Agosti 2023, mtu aliyeifungua Vim bila faili, awe California au Tokyo, aliweza kukuta katikati ya kioo ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda.