Mifupa, Deraya na Mipaka ya Ushahidi: Tafsiri ya Makaburi ya Halaiki ya Mapigano ya Visby ya Mwaka 1361

1.0 Utangulizi

Tarehe 27 Julai 1361, nje ya ukuta wa mji wa Visby katika kisiwa cha Gotland, jeshi la Mfalme Valdemar IV wa Denmark, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Atterdag, lililishinda jeshi la wakulima wa kisiwa hicho. Waliouawa walizikwa kwa pamoja katika mashimo makubwa, wengi wao wakiwa bado wamevaa deraya zao. Ni nadra sana kwa uwanja wa vita wa Ulaya ya zama za kati kuacha ushahidi wa aina hii, kwa kuwa desturi ya washindi ilikuwa kuwavua maiti silaha na mavazi kabla ya maziko. Kwa sababu hiyo, Visby imekuwa rejea ya lazima kwa yeyote anayechunguza silaha na majeraha ya karne ya 14.

Hata hivyo, wingi wa ushahidi haumaanishi kwamba ushahidi huo unajieleza wenyewe. Makala haya yanafafanua mambo matatu: kilichopatikana makaburini, namna kilivyofasiriwa, na mahali ambapo tafsiri hizo zinavuka mipaka ya ushahidi. Hoja kuu ni kwamba makaburi ya Visby yanatueleza kwanza kuhusu waliokufa na kuzikwa. Yale tunayosema kuhusu jeshi zima lililopigana yanahitaji hatua nyingine ya hoja, na hatua hiyo aghalabu hurukwa.

2.0 Muktadha wa Kihistoria

Katika karne ya 14 Gotland ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi, ingawa wakazi wake walijiendeshea mambo yao kwa kiasi kikubwa. Mji wa Visby ulikuwa kitovu cha biashara ya Bahari ya Baltiki na mwanachama wa Hansa, yaani umoja wa miji ya wafanyabiashara wenye asili ya Kijerumani. Nje ya mji waliishi wakulima huru, ambao baadhi yao walikuwa wamejipatia mali kutokana na biashara ya baharini tangu vizazi vilivyotangulia. Uhusiano wa pande hizi mbili haukuwa mwema. Mwaka 1288 mji na mashamba viliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ukuta wa Visby, wenye urefu wa takribani kilometa 3.4, uliwatenganisha watu wa mji na watu wa shamba kama ulivyowakinga dhidi ya maadui wa nje.

Valdemar alikwishaitwaa tena Skåne kutoka Uswidi mwaka 1360. Mwaka uliofuata aligeukia Gotland. Jeshi lake lilitua pwani ya magharibi mwishoni mwa Julai na kuelekea Visby. Njiani, katika parokia ya Mästerby, wakulima walijaribu kulizuia kwenye eneo la kinamasi. Uchunguzi wa eneo hilo kwa vitambua metali, ulioanza katika muongo wa kwanza wa karne hii, umeibua vichwa vya mishale na mabaki mengine ya chuma yanayothibitisha kwamba Visby haikuwa mahali pa kwanza pa mapambano. Wakulima waliofika mbele ya ukuta walikuwa wamekwisha kushindwa mara moja.

Siku mbili baada ya mapigano, tarehe 29 Julai, Valdemar aliuthibitishia mji wa Visby haki zake za zamani. Mji ulikuwa umesalimu amri bila ukuta wake kuvunjwa kwa vita. Masimulizi ya baadaye yanadai kwamba mfalme aliwalazimisha wenyeji kujaza mapipa matatu ya bia kwa dhahabu na fedha. Kisa hicho kilipewa sura maarufu na mchoro wa Carl Gustaf Hellqvist wa mwaka 1882, lakini ni cha hadithi zaidi kuliko cha historia.

3.0 Uchimbaji wa Korsbetningen

Mahali pa maziko panaitwa Korsbetningen, jina ambalo maana yake ni malisho ya msalaba. Jina hilo linatokana na msalaba wa mawe uliosimamishwa hapo, karibu na magofu ya utawa wa masista wa Solberga. Maandishi yake ya Kilatini yanataja mwaka na siku, yanaeleza kwamba Wagotland waliangukia mikononi mwa Wadenmark mbele ya malango ya Visby na kwamba wamezikwa hapo, kisha yanaomba waombewe. Kwa hiyo, tofauti na viwanja vingi vya vita, hapa tarehe, mahali na upande wa marehemu vinajulikana kwa maandishi yaliyowekwa karibu na makaburi yenyewe.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1905, ukaendelea mwaka 1912, na kukamilishwa kati ya mwaka 1928 na 1930 chini ya Bengt Thordeman. Katika makaburi matatu yaliyochimbwa, mabaki ya watu wasiopungua 1,185 yalitambuliwa. Matokeo yalichapishwa katika juzuu mbili za mwaka 1939 na 1940. Thordeman alichambua deraya, na Bo Ingelmark akachambua mifupa. Mpaka leo kazi hiyo ndiyo msingi wa mijadala karibu yote kuhusu Visby.

4.0 Deraya: Zilizovaliwa na Zilizoachwa

Miongoni mwa mabaki kuna deraya za mabamba zipatazo 25, yaani mavazi ya ngozi au kitambaa yaliyopigiliwa mabamba ya chuma kwa ndani. Kuna pia glovu za chuma na kofia nyingi za pete za chuma, ambazo baadhi yake zilikutwa zikiwa bado zimefunika mafuvu. Thordeman aliziainisha deraya za mabamba katika aina sita kwa kufuata mpangilio wa mabamba na namna zilivyofungwa. Baadhi yake zilikuwa za mtindo uliokwisha kupitwa na wakati kufikia mwaka 1361.

Maelezo ya kawaida kuhusu sababu ya deraya hizo kuachwa ni joto la Julai. Maiti walikuwa wengi, walianza kuoza haraka, na wazikaji hawakuwa na muda wala hamu ya kuwavua. Maelezo haya yana mashiko, lakini yana athari ya kimbinu inayostahili kuzingatiwa. Ikiwa baadhi ya maiti walivuliwa na wengine wakaachwa, basi vifaa vilivyo bora na rahisi kuvua ndivyo vilivyoelekea kuchukuliwa kwanza. Kinachobaki kaburini ni mabaki ya uteuzi wa mshindi. Hivyo basi, kusema kwamba wakulima wa Gotland walipigana na silaha za kizamani kwa kuwa deraya za kizamani zimekutwa makaburini ni kuchukua kilichoachwa kama kwamba ndicho kilichovaliwa. Makaburi yanathibitisha kwamba deraya za aina hiyo zilitumika. Hayathibitishi kwamba hazikuwapo nyingine bora zaidi.

5.0 Majeraha na Usomaji Wake

Ingelmark alibainisha mamia ya alama za silaha kwenye mifupa. Nyingi ni za mapigo ya kukata kwa upanga au shoka, na chache zaidi ni za kutoboa, zikiwamo za mishale ya pinde za mtambo. Sehemu kubwa ya mapigo ya kukata ipo miguuni, hususani kwenye muundi. Jambo hili limezaa dhana kwamba askari wa Denmark walilenga miguu kwa makusudi ili kumwangusha adui, kisha wakammaliza kwa pigo la kichwani.

Dhana hiyo inawezekana, lakini si maelezo pekee. Kwanza, ngao na deraya vilikinga kiwiliwili, huku miguu ya wakulima wengi ikiwa wazi. Mapigo yaliyoelekezwa popote yangeacha alama pale pasipo na kinga. Pili, muundi hauna nyama nyingi upande wa mbele, kwa hiyo pigo dogo hufika kwenye mfupa. Pigo la tumboni linaweza kuua bila kugusa mfupa wowote, na mwanaakiolojia hataliona kamwe. Idadi ya alama mifupani kwa hiyo si idadi ya majeraha, na mgawanyo wake mwilini si lazima uwe mgawanyo wa nia ya mpigaji.

6.0 Umri wa Marehemu

Suala lenye uzito zaidi ni umri. Mifupa inaonesha vijana wadogo, wazee, na watu waliokuwa na ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Mara nyingi inasemwa kwamba takribani theluthi moja ya jeshi la wakulima walikuwa watoto na wazee, na picha ya kisiwa kilichowatoa hata wajukuu na mababu imekuwa sehemu ya kumbukumbu ya Visby.

Kimantiki, hata hivyo, kaburi si sampuli ya jeshi. Jeshi linaposhindwa na kutawanyika, wanaokimbia kwa kasi huokoka, na wanaochelewa hufa. Mvulana, mzee na mwenye mguu mbovu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kufikiwa na anayewafukuza. Kwa hiyo uwiano wao kaburini unatarajiwa kuwa mkubwa kuliko uwiano wao katika safu za mwanzo. Hoja hii haikanushi kuwapo kwao vitani, kwa kuwa mifupa yao ipo. Inachokataa ni kuhamisha asilimia ya kaburi moja kwa moja hadi kwenye jeshi bila kueleza jinsi kaburi lilivyojazwa.

7.0 Lango Lililofungwa

Swali ambalo wasomaji wengi huuliza ni kwa nini mji haukuwafungulia wakulima lango. Mifupa haiwezi kulijibu. Vita vya mwaka 1288 na haki zilizothibitishwa tarehe 29 Julai 1361 vinaonesha kwamba wenye mji walikuwa na maslahi tofauti na ya wakulima, lakini maslahi si ushahidi wa uamuzi uliofanywa siku hiyo. Kinachoonekana kwa hakika ni matokeo: watu wa shamba walikufa mbele ya ukuta, na mji ukaendelea na biashara. Miji ya Hansa ilijibu baadaye kwa vita dhidi ya Denmark, vilivyohitimishwa kwa Mkataba wa Stralsund wa mwaka 1370, lakini vita hivyo vilipiganwa kwa ajili ya njia za biashara.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba deraya, majeraha na umri wa marehemu wa Visby vyote vilipita katika chujio kabla ya kumfikia mtafiti: chujio la mshindi aliyechagua cha kuchukua, la mwili unaohifadhi baadhi tu ya majeraha, na la mkimbio uliowaacha nyuma wasioweza kukimbia. Mtafiti anayetumia data za Korsbetningen anapaswa kulitaja chujio husika kabla ya kutoa hitimisho. Sababu ya kufanya hivyo si ya kimbinu pekee. Watu hawa 1,185 hawakuacha majina, na maandishi ya pekee juu ya kaburi lao yanawataja kwa ujumla wao. Lolote litakalosemwa juu yao kama watu litatokana na mifupa yao, na kwa hiyo kosa la tafsiri hapa halina shahidi mwingine wa kulisahihisha.