'Kufuja' ni Shtaka, Ushahidi u Wapi?

Mara nyingi husikia kiwanda fulani kikilaumiwa kwamba kinafuja pembejeo, eti kwa kuwa cha jirani kimetoa sukari nyingi zaidi kwa miwa na vibarua kiasi kile kile. Mimi ni mwanaisimu, si mwanauchumi. Lakini najua kwamba 'kufuja' ni shtaka, na shtaka hudai ushahidi.

Mwaka 1957, mwanauchumi M. J. Farrell alipendekeza kila kampuni ipimwe kwa kulinganishwa na zile zilizo bora kabisa. Tatizo ni kwamba pengo lililoletwa na ukame laweza kuhesabiwa kuwa ufujaji.

Mwaka 1977, Aigner, Lovell na Schmidt walitenganisha mambo hayo mawili. Bahati huvuta huku na huku: leo mvua njema, kesho mtambo waharibika. Ufujaji huvuta upande mmoja tu, chini. Basi mtakwimu huanza kwa kudhani kwamba hapana ufujaji, kisha hutazama mapengo ya kampuni nyingi. Yakielemea chini kupita yawezavyo kuelezwa na bahati, ndipo dhana hiyo hukataliwa.

Walimu wenzangu, tofauti hii twaijua. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani kwa malaria si sawa na aliyeanguka kwa uvivu, ingawa alama zao ni zile zile. Kabla ya kumfukuza kibarua au kukifunga kiwanda, na tuulize: pengo hili limepimwa, au limesemwa tu?