Siku ya Kombe Thika na Ruiru

Mechi ya kombe huamuliwa siku moja. Katika ligi, timu iliyofungwa Jumamosi hupata Jumamosi nyingine ya kujirekebisha. Katika kombe, iliyofungwa hukunja jezi na kungoja mwaka ujao. Ndiyo maana kombe huzipa ujasiri timu ndogo. Klabu isiyoweza kufuatana na vigogo kwa miezi tisa ya ligi yaweza kuwazima kwa dakika 90.

Soka ya Kenya imepangwa kama ngazi. Juu kabisa ni Ligi Kuu yenye timu 18, chini yake Ligi ya Supa, kisha Daraja la Kwanza, Daraja la Pili na ligi za chini zaidi, hadi zile za kaunti na kaunti ndogo. Uingereza, timu zilizo chini ya madaraja manne ya juu huitwa timu zisizo za ligi. Kenya haina msemo huo, kwa sababu hata timu ya mtaa ina ligi yake. Tofauti iko mfukoni: kadiri ngazi inavyoteremka, ndivyo mshahara unavyotoweka, na mchezaji huishi kwa bodaboda, mjengo, kibanda cha biashara au zamu za kiwandani.

Kombe la Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, huzikutanisha ngazi hizo. Timu za chini huanza mapema, zikichujana zenyewe kwa zenyewe, na vigogo wa Ligi Kuu huingia baadaye. Jina la kombe limebadilika mara nyingi kufuatana na mdhamini, lakini tuzo kuu haijabadilika kwa miaka mingi: bingwa huiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho Afrika. Sofapaka ilitwaa kombe hili mwaka 2007 kabla haijafika Ligi Kuu, na mwaka 2009, katika msimu wake wa kwanza huko juu, ikawa bingwa wa ligi. Mwaka 2025 Nairobi United, wakati huo ikiwa Ligi ya Supa, iliifunga Gor Mahia mabao 2–1 katika fainali.

Thika na Ruiru ni miji ya kaunti ya Kiambu, yote miwili kando ya barabara kuu ya Thika, na kati yao ni mwendo wa takriban kilomita 20. Thika ni mji wa viwanda na mananasi. Ruiru, iliyokuwa katikati ya mashamba ya kahawa, imejaa nyumba za kupangisha. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji huo. Viwanda vimeacha alama yake katika soka. Bidco United, iliyobeba jina la kiwanda cha mafuta ya kupikia cha Thika, ilipanda hadi Ligi Kuu msimu wa 2020–21. Thika United ilikaa Ligi Kuu kwa miaka kadhaa, kisha ikashuka mwaka 2018. Upande wa wanawake, Thika Queens walikuwa mabingwa wa ligi ya Kenya msimu wa 2020–21. Kila mji una uwanja wake wa umma, ambako timu za ngazi zote hupishana.

Siku ya mechi ya timu za chini huanza asubuhi, kabla shabiki hajatoka nyumbani. Timu mwenyeji ndiyo yenye mzigo. Mistari huchorwa kwa chokaa, na mvua ikinyesha usiku huchorwa upya. Nyavu hufungwa golini, na tundu lolote huzibwa kwa kamba, kwa maana mpira ukipenya pembeni unaweza kuzua ubishi wa kama bao limeingia au la. Waamuzi hutafutiwa mahali pa kubadilishia nguo. Walinda usalama na ambulensi hupangwa mapema. Timu mwenyeji isiyotimiza mahitaji hayo yaweza kupokonywa mechi, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani.

Wageni hufika kwa matatu ya kukodi, wachezaji, kocha na mifuko ya jezi wakiwa wamebanana humo humo. Nauli ya timu huwa gharama kubwa, na kwa klabu isiyo na mdhamini hutoka kwenye mchango wa viongozi, wazazi na mashabiki. Timu ya Ruiru ikipangiwa kucheza Thika hupumua, kwani safari ni fupi na mashabiki wake wanaweza kujilipia.

Kabla ya mchezo huja ukaguzi. Wachezaji hupanga mstari mbele ya mwamuzi, kila mmoja akiitwa jina na namba, naye hulinganisha uso na picha iliyo kwenye kadi. Kocha wa timu pinzani husimama karibu, macho hayabanduki, akitafuta sura aliyoiona wiki jana ikichezea klabu nyingine. Huyo huitwa mamluki, na rufaa juu yake yaweza kubatilisha matokeo hata baada ya ushindi. Kisha mwamuzi hukagua njumu na vikinga ugoko. Mchezaji asiye navyo hukimbilia kwa mwenzake wa akiba kuazima, akirudi uwanjani soksi bado hazijapanda.

Mpira ukianza, mtazamaji aliyezoea televisheni hugundua sauti. Katika umati mdogo, kila neno la kocha husikika, kila kipigo cha mguu kwenye mguu, na kila lawama ya shabiki kwa mshika kibendera aliye hatua chache tu mbele yake. Hakuna marudio ya picha. Bao la kuotea hujadiliwa kwa ushahidi wa macho, na kila upande una macho yake. Uwanja nao ni mchezaji. Mbele ya goli, palipokanyagwa mwaka mzima, nyasi huwa zimeisha na udongo mwekundu uko wazi. Wakati wa kiangazi mpira hudunda vibaya na vumbi kutimka. Wakati wa masika kipa huondoka na rangi ya matope kuanzia magotini hadi kifuani.

Mapumziko hayazidi dakika 15. Wachezaji wengi hubaki uwanjani, wakikaa duara huku chupa za maji zikipita mkono kwa mkono. Pembeni ni zamu ya wachuuzi: karanga kwenye vikaratasi, mayai ya kuchemsha yenye kachumbari, smoki na miwa iliyokatwakatwa. Watoto huvamia goli lililo wazi na kupiga penalti zao mpaka kipenga kiwafukuze.

Mechi ya kombe lazima ipate mshindi, hivyo sare huishia kwenye mikwaju ya penalti. Mwamuzi hurusha sarafu kuamua goli litakalotumika. Kila timu hupiga mikwaju mitano kutoka meta 11, na kipa hutakiwa kuwa na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari, sawa nao au nyuma yake, mpira unapopigwa. Zikibaki sare, huendelea mkwaju kwa mkwaju hadi timu moja ifunge na nyingine ikose. Hapa pengo la madaraja hupungua sana, kwani mpigaji wa ligi ya kaunti na wa Ligi Kuu husimama umbali ule ule. Mashabiki huzunguka goli lililochaguliwa, na walinzi huwa na kazi ya kuwarudisha nyuma ya mstari.

Baada ya filimbi ya mwisho, wachezaji wa pande zote hupeana mikono na manahodha humwendea mwamuzi. Yeye huandika ripoti ya mabao, kadi na wachezaji walioingia, na ripoti hiyo ndiyo hutegemewa kukizuka rufaa. Walioshinda hungoja droo iwapangie mpinzani wa raundi ijayo. Walioshindwa hupanda matatu yao, na mtu mmoja hubeba furushi la jezi zenye udongo kwenda kuzifua, kwa kuwa ligi inarejea wikendi inayofuata.