Brokoli ya Zombe Haifuati Mvua

Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, kalenda ya shamba huandikwa na mvua. Kote Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba huaminika kuliko za Machi hadi Mei, basi mwezi Oktoba kila mtu yuko shambani na mbegu za mahindi, kunde na ndengu. Aliyenunua pakiti ya brokoli naye huimwaga kitaluni wiki hiyohiyo. Hana kosa, ndivyo alivyolelewa, na kwa kunde wazazi wake walisema kweli. Kwa brokoli, Oktoba humtia hasara.

Brokoli na sukuma wiki ni ndugu wa tumbo moja. Wataalamu wa mimea huziweka katika spishi moja, pamoja na kabichi na koliflawa. Kinachozitenganisha ni sehemu tunayotia sufuriani. Kwa sukuma tunakula jani. Kwa brokoli tunakula maua ambayo hayajachanua, mamia kwa mamia ya vitumba vilivyobanana hadi vikawa kichwa kimoja cha kijani. Jani la sukuma litavumilia jua la Februari, ingawa litakuwa gumu. Kitumba hakivumilii. Kichwa hufunga vizuri zaidi hewa ikiwa kati ya nyuzijoto 15 na 20 za Selsiasi, na ndiyo sababu brokoli nyingi za Kenya hutoka sehemu za juu zenye baridi, kama Limuru na Kinangop.

Hayo wakulima waliyajua zamani. Ambalo hawakulijua ni kwamba mmea huu hauogopi joto sawasawa katika siku zake zote. Watafiti waliotaka kujua ni siku zipi hasa waliotesha brokoli kwenye vyungu, mahali penye ubaridi unaodhibitiwa, kisha wakaihamishia chumba cha nyuzijoto 35 kwa wiki moja hivi, kila kundi likiwa na umri wake. Baadaye waliirudisha kwenye ubaridi na kungoja. Miche iliyopata joto ikiwa bado ya majani tu haikudhurika sana. Iliyopata joto kichwa kikiwa kimeanza kuonekana nayo ilijikaza. Iliyoharibika ni ile ya katikati, iliyochomwa wakati ncha ya shina ilikuwa ndiyo kwanza inaacha kutoa majani na kuanza kutoa maua. Kipindi hicho ni cha siku kumi hivi, na jicho halioni kitu. Lazima upasue ncha na kuitazama kwa hadubini.

Kinachotokea ni kwamba vitumba vilivyo katika hatua hiyo husimama kukua. Ubaridi ukirudi vinaendelea, lakini vingine vimeshatangulia. Ukishika kichwa cha namna hiyo utakitambua hata ukiwa umefumba macho: badala ya kuwa laini kama kitambaa cha mahameli, kina vilima na mabonde, hapa vitumba vinene vinavyokaribia kuchanua, pale vidogo kama vichwa vya pini. Mara nyingi mkulima hulaumu mbegu, au samadi. Kumbe lilikuwa joto la wiki kadhaa nyuma, alilokwisha kulisahau.

Kwa hiyo hesabu ianze na ubaridi, irudi nyuma. Kitui miezi ya baridi ni Juni hadi Agosti, na Julai ndio wenyewe, asubuhi zile za mawingu ambapo watoto huenda shule wamevaa sweta. Siku zile kumi na ziangukie hapo. Mbegu iingie kitaluni katikati ya Aprili, wakati mvua bado zinasaidia kunyunyizia. Baada ya wiki tano hivi, mwishoni mwa Mei, miche ihamishiwe bustanini. Mwezi mmoja hivi baadaye ncha hugeuka, na vichwa hukatwa kuanzia mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti, kabla joto la Septemba halijapanda.

Tatizo ni maji, maana kipupwe cha Zombe ni kikavu. Miche kumi iliyoachiana sentimita 45 huchukua eneo la mita mbili za mraba. Kwa kipimo cha kawaida cha mboga, hizo ni lita 50 kwa wiki, mitungi miwili na nusu. Upepo ukivuma, mitatu au minne. Penye bwawa la mchanga, ambako mchanga huyaficha maji jua lisiyanywe, mzigo huo unabebeka. Mama anayetembea saa nzima kufuata mtungi mmoja asiyatoe maji ya kunywa kwa ajili ya brokoli. Kwake majani ya kunde yana heshima kubwa zaidi, na brokoli haina muujiza ambao mboga zetu zimenyimwa. Zile habari kwamba huponya saratani zimetangulia mbele ya ushahidi.

Tena Zombe iko ukingoni. Hata Julai mchana huweza kupita kiasi ambacho brokoli hukipenda, hivyo usitarajie vichwa vya Limuru. Aliye kwenye miteremko ya vilima vya Mutito ana nafasi bora kuliko wa bondeni, na mbegu zinazouzwa kuwa zinavumilia joto zinafaa kujaribiwa. Ukavu wa kipupwe huleta pia viwavi na vidukari. Geuza majani kila siku mbili uangalie chini.

Kazi iliyobaki inawafaa wanafunzi wenye bustani ya shule. Pandeni miche mitano kila baada ya wiki mbili, kuanzia Aprili hadi Juni, andikeni tarehe na joto la mchana, kisha pimeni vichwa. Misimu miwili ya daftari hilo itaiambia Zombe mengi ambayo maandishi ya nyuma ya pakiti hayawezi kuyasema.