Tengeneza Mboji Nyumbani Kwako

Ndugu wakaaji wa kambi ya Kakuma,

Mgao wa chakula hauna mboga za majani, na mwaka 2025 mgao wenyewe ulipunguzwa. Mchicha, bamia au kudura ya mlangoni kwako ni msaada mkubwa kwa watoto. Mboji huutia udongo rutuba na kuufanya ushike maji, hivyo ndoo moja ya maji hufaa bustani kwa muda mrefu zaidi. Tena hainunuliwi.

Ninyi mliotoka Hai Jalaba, Juba, mnajua kwamba kule mvua hunyesha tangu Aprili hadi Oktoba. Majani ya mwembe yakirundikwa uani huoza yenyewe. Hapa Turkana rundo kama hilo hukaushwa na jua na upepo, likabaki takataka. Kwa hiyo hapa tunachimba shimo.

JINSI YA KUFANYA

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na choo na bomba la maji. Chimba shimo la futi 3 kwa futi 3, kina chake futi 2.
2. Tandika vijiti chini ili hewa ipite.
3. Weka karai 2 za vitu vikavu: majani, mabua, nyasi. Juu yake weka karai 1 ya vitu vibichi: maganda ya mboga na matunda, magugu yasiyo na mbegu. Ongeza samadi ya mbuzi na udongo kidogo.
4. Nyunyiza maji uliyooshea mboga. Rudia hatua ya 3 na ya 4 mpaka shimo lijae.
5. Funika kwa magunia makuukuu. Zungushia matawi ili watoto wasianguke.
6. Geuza kila baada ya wiki 2.

KUPIMA

Chomeka fimbo ndefu katikati. Ichomoe baada ya siku 5.
- Ina joto na unyevu: kazi inaendelea vizuri.
- Ni kavu: ongeza maji.
- Imelowa na inanuka vibaya: ongeza majani makavu, kisha geuza.

USITIE

Nyama na mifupa (huleta panya), plastiki, betri, kinyesi cha watu. Usitie pia maganda ya mathenge: mbegu zake zitaota bustanini, na miiba yake huchoma miguu.

Baada ya miezi 2 au 3 mboji huwa nyeusi, na hunukia kama udongo ulionyeshewa. Changanya karai 1 ya mboji na karai 3 za udongo, ujaze gunia lako la mboga.

Siku ukirejea Juba, usichimbe shimo wakati wa mvua, litajaa maji. Rundika juu ya ardhi na ufunike. Kanuni ni ileile: mboji iwe na unyevu, isilowe.

Majirani wawili au watatu wanaweza kushirikiana shimo moja. Anayetaka kuonyeshwa, amwone mfanyakazi wa jamii wa bloku yake.