Afande wa simuni hana kituo

Wiki hii nataka tuzungumzie watu wanaopiga simu wakijifanya askari polisi na kuwatoza wenzao fedha. Utapeli huu hauchagui msomi wala asiyesoma, ila mzigo wake huwaelemea zaidi wazee, wajane na wazazi ambao watoto wao wako mbali.

Tuanze na namna kazi yenyewe inavyofanyika. Simu inaita. Mpigaji ana adabu zote: "Shikamoo mama, naongea na mama Fulani binti Fulani?" Jina analitaja lote, la kwanza hadi la ukoo, na hapo nusu ya kazi imekwisha. Mama anajiuliza, huyu jina langu kalipata wapi? Jibu ni rahisi. Mtu anayetaka kutuma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mwenye namba kabla hajathibitisha. Tapeli huingiza namba yako, husoma jina, kisha hughairi. Habari zilizobaki, kama vile mtoto anasoma wapi au anafanya kazi gani, huziokota katika picha na salamu tunazobandika wenyewe katika mitandao ya kijamii.

Kisha linakuja neno lenyewe: "Kijana wako tunaye hapa kituoni." Amekutwa na bangi, au amegonga mtu kwa pikipiki. Nyuma ya sauti zinasikika kelele kama za redio ya upepo, na pengine analetwa "kijana" mwenyewe alie kidogo. Mwisho inatajwa bei na muda: laki tatu, ndani ya nusu saa, kabla jalada halijafunguliwa. Usimwambie mtu. Usikate simu.

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo nguzo ya utapeli wote. Ukimwambia jirani, atakuuliza maswali. Ukikata simu, utampigia mwanao, naye atapokea akiwa kazini kwake, mzima. Ndiyo maana afande wa bandia hakupi nafasi ya kupumua. Fedha ikishatumwa hutolewa kwa wakala katika muda mfupi, na laini hutupwa.

Wala tusidhani balaa hili ni letu peke yetu. Nchini India matapeli wamebuni kile wanachokiita "kukamatwa kwa njia ya mtandao". Mtu hupigiwa simu ya video na bwana aliyevaa sare, nyuma yake kukiwa na ofisi na bendera. Anaambiwa kwamba jina lake limeonekana katika biashara ya dawa za kulevya au fedha haramu, na kwamba tangu dakika hiyo yuko chini ya ulinzi na asitoke mbele ya simu yake. Wapo waliokaa hivyo kwa siku kadhaa, ndani ya nyumba zao wenyewe, hadi walipomaliza akiba yao.

Mwaka 2024 yalimkuta S. P. Oswal, mwenye umri wa miaka 82, mkuu wa kampuni kubwa ya nguo ya Vardhman. Matapeli walimfanyia hadi kesi ya uongo ya Mahakama ya Juu ya nchi, jaji wa bandia akiwamo, na wakamtoa rupia milioni 70. Huyo ni mfanyabiashara aliyeongoza maelfu ya wafanyakazi. Mnamo Oktoba 27 mwaka huohuo, Waziri Mkuu Narendra Modi alilizungumzia jambo hili katika kipindi chake cha redio. Aliwaeleza wananchi kwamba hakuna sheria inayoruhusu kumkamata mtu kwa simu, na akawaasa watulie, wafikiri, kisha wachukue hatua.

Basi tuache kuwacheka wanaotapeliwa. Swali la maana ni kwa nini wanaamini. Kwa maoni yangu, tapeli hafanikiwi kwa sababu ya ujinga wetu. Anafanikiwa kwa kuiga jambo tunalolijua. Pale ambapo watu wamezoea kuamini kwamba jalada linaweza kufa kwa bahasha, mtu anayeomba bahasha kwa simu haonekani kioja. Mtaji wake ameupata kwa kila askari halisi aliyewahi kuomba "kitu kidogo", na kwa kila mmoja wetu aliyewahi kukitoa akidhani anamwokoa ndugu yake.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuijua haki yetu. Hapa Tanzania dhamana ya polisi haiuzwi, na Jeshi la Polisi lenyewe limekuwa likilisema hilo mara kwa mara. Mdhamini huenda kituoni kwa miguu yake, huonana na askari ana kwa ana, na husaini. Faini halali nayo hulipwa serikalini kwa namba maalumu ya malipo. Hakuna faini wala dhamana inayoingia katika simu ya mtu binafsi.

Sheria zipo. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kujifanya mtu mwingine. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Hata hivyo matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, mara nyingi wanyonge waliobonyeza kidole mara mbili bila kujua. Bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Simu kama hiyo ikikujia, kata. Mpigie mwanao, asipopatikana, mpigie rafiki yake au mwajiri wake. Usitumie namba uliyopewa na huyo "afande". Kama bado una wasiwasi, nenda kituo kilichotajwa au mtume mtu. Kama fedha imeshatoka, ipigie kampuni ya simu mara moja, huenda haijatolewa, kisha nenda polisi ukaandikishe. Namba ya tapeli ipeleke kwa ujumbe kwenda 15040, iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Usinyamaze kwa aibu, maana ukimya wako humwachia tapeli nafasi ya kumpigia jirani yako kesho.

Nina ombi moja kwenu mnaoishi mjini na wazazi wenu wako kijijini. Msisubiri simu ya tapeli itangulie. Mpigie mama leo, mwambie: "Siku ukiambiwa nimekamatwa, usitume hata senti. Kwanza nipigie mimi, ukinikosa mpigie fulani." Kubalianeni na swali moja ambalo jibu lake mnalijua ninyi wawili tu, kama vile jina la ng'ombe aliyeuzwa ili mtoto alipiwe ada. Afande wa simuni akiulizwa jina la ng'ombe huyo, atakata simu mwenyewe.