Kukimbia Milimani kwa Mfuko wa Saza: Njia Ipi Inalipa?

Watu wa Saza, Mkwajuni na Makongolosi wanaopenda kukimbia njia za milimani na msituni huanza na swali moja: getini wanatoza ngapi? Swali ni la haki, ila linaulizia gharama iliyo ndogo. Chukua Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Kwa viwango vya TANAPA vya miaka ya karibuni, mtu mzima raia wa Afrika Mashariki amekuwa akilipa Sh 5,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh 5,900. Sasa pima nauli. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023, basi la daraja la kawaida lilikuwa Sh 48.47 kwa kilomita. Makongolosi hadi Mbeya kupitia Chunya ni kama kilomita 111, yaani karibu Sh 5,400 kwenda tu, na Sh 10,800 ukihesabu kurudi. Hapo hujalipa usafiri wa kutoka Saza hadi Makongolosi, hujala, hujalala, na Kitulo bado iko mbali.

Kwa mkimbiaji wa huku kwetu, basi, kinachomaliza fedha ni umbali na malazi. Ndiyo maana nimelinganisha njia hizi kwa maswali matatu: unafikaje, unalala wapi, na gharama ipi mnaweza kugawana mkiwa kikundi. Nauli ya basi na kiingilio hulipwa kwa kichwa, hata mkiwa ishirini. Mwongozaji, chumba cha gesti na gari la kukodi hugawanyika. Mwenye kuelewa tofauti hiyo anaweza kwenda mbali kwa fedha kidogo.

Vilima vya Saza: hakuna kiingilio, uangalifu ni lazima

Njia ya bei nafuu kuliko zote iko nyuma ya nyumba. Vilima vya miombo vinavyozunguka Saza vina njia za miguu za kwenda mashambani, visimani na vijiji jirani, na hakuna anayekutoza kuzipita. Kwa mazoezi ya kila wiki hakuna kinachoshinda hapo.

Lakini hii ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Saza ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya eneo la dhahabu la Lupa enzi za Mwingereza, wachimbaji wadogo hawajawahi kuondoka, na mgodi wa New Luika wa Shanta Gold ulimimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 2012. Maana yake kwa mkimbiaji ni kwamba kuna mashimo ya zamani ya wachimbaji, maduara, yasiyofukiwa, na mvua zikishanyesha nyasi hufunika midomo yake. Shika njia inayopitwa na watu kila siku. Usikate mkato hata kama unaona kilele kiko karibu.

Pili, usinywe maji ya kijito chochote kilicho chini ya makarasha ya kusaga mawe au mahali wanapochenjulia. Zebaki na sianidi hazina rangi ya kukuonya, na kuchemsha hakuziondoi. Beba maji yako kutoka nyumbani. Tatu, mbung'o. Wadudu hawa huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo jezi ya rangi hizo iache nyumbani, vaa kaki au rangi ya mchanga. Nne, epuka maeneo yenye leseni za watu. Anayekimbia karibu na duara la mwenzake anaweza kudhaniwa ametoroka na mawe. Msalimie mwenyekiti wa kitongoji mapema, mweleze mnafanya nini na mnapita wapi. Salamu hiyo haigharimu kitu na ndiyo ulinzi wenu.

Gharama: maji, na kuamka mapema. Anza saa kumi na mbili asubuhi, uwe umerudi kabla ya saa tatu, jua halijawa kali.

Mwambao wa Rukwa: tambarare, wazi, na wa msimu

Magharibi yetu kuna Ziwa Rukwa, lililo kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa wilaya ya Songwe unafikika kwa barabara za vumbi, na kwa anayetoka Saza ndiyo njia ya ziwani iliyo karibu kuliko zote. Hakuna mlima wa kupanda, kwa hiyo inamfaa anayeanza na anayetaka kukimbia muda mrefu bila kuumiza magoti.

Rukwa ni ziwa la kina kifupi. Maji yakipanda kidogo hufunika eneo kubwa, yakishuka huacha tope pana. Njia uliyopita mwaka jana inaweza kuwa majini mwaka huu. Pia lina mamba na viboko, na kiboko anayerudi majini alfajiri ni hatari kuliko anayeonekana yuko mbali ziwani. Usikimbie ukingoni mwa maji bila mvuvi wa mwalo huo anayejua wanyama wanapopandia. Mlipe kama mwongozaji, mpatane kabla ya kuanza, na bei iwe ya safari, isiwe ya kila kichwa. Wakati mzuri ni Juni hadi Agosti, ardhi ikiwa imekauka na joto halijafika kilele. Kivuli hakuna, kofia na maji ya kutosha ni lazima.

Gharama: gari au bodaboda ya vumbi, mvuvi wa kuwaongoza. Mkiwa wanne au watano na gari moja, mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kulala.

Kawetire na kilele cha Mbeya: msitu ulio njiani

Wengi hupita Kawetire wakiwa wamesinzia ndani ya basi la Chunya. Ni shamba la miti la Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) juu ya Mbeya, barabara inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara za msitu huo zimechongwa kwa ajili ya malori ya magogo, ni pana, hazina mwinuko wa kukata pumzi, na ardhi yake imefunikwa sindano za misindano zinazopokea mguu kwa ulaini. Kwa mtu aliyezoea kokoto za Saza, hapo miguu hupumzika huku mapafu yakifanya kazi kweli, maana hewa ni nyepesi na asubuhi kuna baridi.

Faida yake kubwa ni kwamba iko njiani. Mtu wa Saza anayekwenda Mbeya kwa shughuli zake, iwe hospitali, benki au kununua vipuri, anaweza kuongeza mbio za asubuhi bila kulipa safari nyingine. Pita kwanza ofisi ya shamba uombe ruhusa, na uulize siku hiyo wanavuna upande gani, usikutane na lori kwenye kona.

Mwenye nguvu zaidi anaweza kupanda mlima Loleza au kilele cha Mbeya chenye zaidi ya mita 2,800. Njia ni ya nyasi, ina mteremko mkali, na mawingu hushuka mchana. Nenda kwa kikundi, asubuhi, na usipeleke simu ya bei mahali usipopajua.

Gharama: basi la lami na usiku mmoja wa gesti mjini. Chumba cha vitanda viwili hulipwa na wawili.

Ngozi: hapa ndipo fedha inaporudi yote

Kama una safari moja tu ya mwaka, ipeleke Ngozi. Ziwa hili la kreta liko katika milima ya Uporoto, barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Kutoka Mbeya hadi njia panda ni chini ya kilomita 40 za lami. Kwa kiwango kile cha LATRA, nauli haifiki Sh 2,000. Huwezi kupata msitu wa mvua, volkano na ziwa kwa bei hiyo mahali pengi.

Kutoka lami unaingia barabara ya kijiji kati ya mashamba ya viazi mviringo. Bodaboda wapo, lakini kipande hiki kikimbie: ni cha kupasha mwili, na ndicho kinachokupa haki ya kusema umekimbia, kwa sababu ndani ya msitu mwinuko utakulazimisha kutembea. Lipa TFS kwa kontroo namba, chukua risiti, kisha patana na mwongozaji wa kijiji.

Ndani ya msitu ardhi ni nyeusi na inateleza karibu mwaka mzima. Mizizi imekatiza njia kama ngazi, juu yake kuvumwani ya kijani imelowa. Kupanda ni suala la pumzi tu. Kushuka ndiko kunakovunja vifundo vya miguu. Weka mguu kati ya mizizi, usiikanyage yenyewe. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, mikono iwe mitupu, chupa iwe mgongoni. Ukiona mwongozaji amepunguza mwendo, punguza na wewe. Yeye anapita hapo tangu utoto na viatu vyake ni vya plastiki.

Juu, kwenye ukingo ulio karibu mita 2,600, miti inaachia nafasi na ziwa linaonekana mamia ya mita chini yako, lina urefu wa kama kilomita mbili na nusu, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Wenyeji wanaliheshimu, na yako masimulizi mengi juu yake. Mwachie mwongozaji akusimulie mwenyewe. Usilazimishe kushuka hadi majini. Ukuta ni mkali, na aliyechoka hukosea hapo.

Mkimbiaji aliyejiandaa huanza alfajiri na mchana amerudi lami kusubiri basi. Ndiyo sababu Ngozi inashinda: usiku mmoja Mbeya au Uyole unatosha. Tuseme mwongozaji amekubali Sh 30,000 kwa kikundi. Mkiwa wawili ni Sh 15,000 kila mmoja. Mkiwa sita ni Sh 5,000. Safari ni ileile, na mwongozaji hajapunjwa.

Kitulo, Rungwe na Matema: za kuwekea akiba

Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ni uwanda wa nyasi wa takriban mita 2,600. Maua hushamiri Desemba hadi Aprili, lakini huo ndio msimu wa mvua na barabara huwa ngumu. Kiingilio ni kidogo. Gari ndilo ghali. Nenda mkiwa wengi wa kulijaza gari, la sivyo subiri.

Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, uko chini ya TFS na ni makao ya kipunji, kima aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005 ingawa wawindaji wa huko walishamjua. Ni mrefu, una tope, na unahitaji siku nzima. Nenda huko baada ya Ngozi.

Matema, kwenye Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, ina ufukwe wa mchanga wa kukimbia hadi Lyulilo, ambako huuzwa vyungu vya Wakisi. Ni mahali pazuri pa kwenda na familia, na kwa anayetoka Saza ni usiku mbili au tatu. Midomo ya mito ina mamba, kwa hiyo geuza kabla ya kufika huko.

Mbio rasmi au njia zenu wenyewe?

Mbeya Tulia Marathon, ambayo imekuwa ikifanyika Mei, ni ya barabarani. Ada yake inakununulia namba, fulana, medali, maji njiani na huduma ya kwanza. Kwa anayeanza, hiyo ni thamani halisi. Lakini nauli na gesti utalipa vilevile, na wiki hiyo vyumba hujaa. Ukienda, baki siku moja zaidi upande Ngozi. Nauli ya Saza hadi Mbeya utakuwa umeilipa mara moja ukapata mambo mawili.

Viatu

Usitoe akiba ya safari kununua raba mpya za jina. Mwanjelwa jijini Mbeya na Tunduma kuna mitumba mizuri kwa anayejua kukagua. Kunja kiatu: kikikunjika katikati ya unyayo, kiache, kinachofaa hukunjika kwenye vidole. Bonyeza soli ya kisigino kwa kidole gumba, na ikibaki na shimo ujue imekufa. Vuta ncha ya mbele uangalie gundi. Kisha tazama meno ya chini. Ya Ngozi yawe marefu na yaachane, tope lidondoke. Ya Saza na Rukwa hata mafupi yanatosha. Jaribu ukiwa na soksi, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na vidole vibaki na nafasi.

Chaguo langu

Mwenye mfuko mwembamba akimbie Saza kila wiki, kwa uangalifu niliosema, na akipata shughuli Mbeya aongeze Kawetire. Mwenye uwezo wa safari moja aende Ngozi wakati wa kiangazi. Kikundi chenye watu wa kujaza gari kianze na Rukwa kwa siku moja, kisha Kitulo mwaka unaofuata.

Na vikundi ndivyo ninavyovitilia mkazo. Watu sita wakianzisha kibubu, kila mmoja akiweka Sh 2,000 kwa wiki, baada ya miezi mitatu wana zaidi ya Sh 150,000: mwongozaji, vyumba vitatu na chakula vimeanza kulipika. Mwongozaji mlipeni bei ya haki. Kijana wa Uporoto anayepata riziki kwa msitu uliosimama ana sababu ya kuulinda dhidi ya msumeno na moto, na vijana wa Saza wanaojua njia salama za vilima vyetu wanaweza siku moja kulipwa kwa kazi hiyohiyo. Anzeni kwa kuitengeneza njia moja hapa nyumbani, iliyo mbali na maduara, ambayo hata mgeni anaweza kuonyeshwa.